Pazia la kulia linaelea, la kushoto linagusa sakafu: fundi kakosea kupima au nyumba imepinda?

#1 Mama wa Kibada
Habari za jioni wadau.

Nimehamia kwangu Kigamboni, bado tunamalizia malizia. Sebuleni kuna dirisha la futi 6 kwa 5, la alumini la kusukuma, na bomba la pazia limefungwa juu yake. Bomba lina sentimita 240. Fundi alikuja na tepu yake ya kushonea, akapima kutoka kwenye bomba mpaka chini akaandika 245, akapima na upana, akaniambia ninunue mita 5 za kitambaa chenye upana wa mita 2.8. Nikaenda Kariakoo nikanunua.

Mapazia yamekuja, na yameshonwa vizuri, hilo sikatai. Ila la kushoto linagusa vigae, la kulia linaelea sentimita 4 juu. Ukikaa kwenye kochi macho yanaenda hapo hapo. Fundi anasema yeye kapima sawa, nyumba ndiyo imepinda. Mume wangu anasema fundi kapima kwa macho. Vyumba vya kulala sijashonea na sitaki hili lijirudie.

Kosa liko wapi? Na dirisha linapimwaje hasa?

#2 Fundi Rinda
Hongera kwa kuhamia kwako dada, na pole kwa usumbufu.

Kazi yangu ni hiyo hiyo. Niseme wazi: ukitaka pazia, dirisha halipimwi. Kinachopimwa ni bomba na sakafu. Dirisha linakuonyesha tu bomba lipite nje kiasi gani. Futi 6 ni 183, kwa hiyo bomba la 240 limetoka kama sentimita 28 kila upande. Hapo pako vizuri, pazia likifunguliwa linakaa ukutani, halizibi kioo wala hewa.

Upana: 240 mara mbili, ili mikunjo ikae, ni 480, ongeza mapindo ya pembeni unapata mita 5. Hesabu ya mwenzangu iko sawa. Wasiwasi wangu uko kwenye urefu. Urefu unapimwa sehemu tatu, kushoto, katikati na kulia, na kila sehemu unaanzia mgongo wa bomba, maana ringi, ile duara iliyobanwa kwenye tundu la kichwa cha pazia, inaning'inia mgongoni. Ukianzia chini ya bomba umeshapoteza sentimita mbili na nusu. Yeye alipima sehemu ngapi?

#3 Mama wa Kibada
Moja tu. Kushoto, karibu na mlango. Nilikuwa nimesimama naye.

#4 Mwana wa Ilala
Kesi imekwisha. Fundi arudishe hela ya watu.

#5 Mzee Pimamaji
Haijaisha, kijana, tulia.

Nimesimamia ujenzi miaka mingi kabla ya kustaafu. Sakafu nyingi za nyumba zetu hazilali sawa. Fundi wa vigae akianza mlangoni anafuata kimo cha mlango, akifika upande wa pili anajikuta kashuka au kapanda, anaficha kwa udongo wa saruji. Wengine wanalaza sakafu makusudi ielekee mlangoni ili maji ya kudeki yatoke. Kwa urefu wa mita 2.4, kushuka sentimita mbili tatu si jambo geni. Mama, vigae viliwekwa kabla au baada ya kupimwa pazia?

#6 Mama wa Kibada
Shikamoo mzee. Vigae vilikuwepo tayari.

#7 Mzee Pimamaji
Marahaba. Basi hilo tuliondoe, lakini mteremko bado upo mezani.

#8 Dada wa Makambako
Hilo la vigae mzee kaligusa na mimi naomba niliongezee, kwa sababu lipo sana. Mdogo wangu alishonesha mapazia wakati sakafu bado ni zege tupu, akaona anawahi sikukuu. Baadaye wakamwaga saruji ya kulazia na vigae juu yake. Sakafu ilipanda karibu sentimita 5. Mapazia yakawa yanafagia nyumba nzima, yakang'ata vumbi jekundu la huku kwetu mpaka pindo likawa na rangi yake peke yake. Kwa walio kwenye ujenzi: vigae kwanza, dari kwanza, bomba kwanza. Fundi wa pazia aje mwisho kabisa.

#9 Bint Mkunazini
Nyote mnasema sakafu na bomba, hakuna aliyeuliza kitambaa ni cha nini. Dada, ni polista au pamba? Au kina mchanganyiko wa kitani?

Nauliza kwa sababu mie nipo Unguja, na pamba na kitani hapa pwani havikai kimo kimoja. Masika unyevu ukizidi kitambaa kinalegea kinashuka, kaskazi ikikausha kinapanda. Pazia refu la mita mbili na nusu linaweza kuchezea sentimita moja au zaidi bila mtu kuligusa. Na kama pamba haikuloweshwa kabla ya kukatwa, ukiifua mara ya kwanza inarudi nyuma.

#10 Mama wa Kibada
Muuzaji aliniambia ni kitani. Kwa kukishika naona kina pamba pamba. Na pazia la kulia ndilo liko chini ya kiyoyozi, kinalipiga moja kwa moja.

#11 Bint Mkunazini
Ndo hapo sasa. Upande mmoja unakaushwa kila siku, mwingine unakula upepo wa bahari.

#12 Mwana wa Ilala
Yaani kiyoyozi kimepunguza pazia sentimita 4? Bint Mkunazini, kesho utasema mbu wamelivuta.

#13 Bint Mkunazini
Sijasema 4 zote. Soma vizuri. Nimesema kitambaa kina mchango wake.

#14 Jirani Mwema
Jamani, mbona mnabishana wakati kuna njia ya kujua? Mama wa Kibada, toa mapazia yote mawili, la kulia liweke kushoto, la kushoto liweke kulia. Upungufu ukihama na pazia, tatizo ni pazia. Ukibaki upande wa kulia, tatizo ni nyumba. Pima kwa tepu ya chuma, ile ya fundi ujenzi. Ya kushonea inavutika ikizeeka, tena mwisho wake ni sentimita 150. Kupima 245 lazima uishike katikati ya hewa upime mara mbili uunganishe, na kwenye kuunganisha ndipo sentimita zinapopotea.

#15 Fundi Rinda
Jirani Mwema kaongea kifundi. Subiri mapazia yatulie kidogo kabla ya kupima.

#16 Mwana wa Ilala
Kuhusu tepu ya chuma: yangu ile ndoano ya mwanzo inacheza cheza. Nimekuwa nikiigonga na nyundo ikaze. Haiwezi kuleta makosa?

#17 Mzee Pimamaji
Usiigonge tena! Imetengenezwa icheze. Kiasi inachocheza ni unene wa ile ndoano yenyewe. Ukiing'ata kwenye ukingo inavutika, ukiisukuma ukutani inarudi, vipimo vyote viwili vinatoka sahihi. Ukiikaza, kimoja kati ya hivyo viwili kitakudanganya siku zote. Na ukipima ndani ya tundu la dirisha, kutoka ukuta hadi ukuta, usiikunje tepu kwenye kona ukakisia. Acha boksi lake liguse ukuta, usome, kisha ongeza urefu wa boksi, mara nyingi umeandikwa ubavuni.

#18 Mwana wa Ilala
Asante mzee. Hilo nimelipata leo.

#19 Mama wa Kibada
Wadau nimerudi. Nimefanya kama Jirani Mwema alivyosema, kijana wangu kapanda ngazi.

Pazia lililokuwa kushoto, sasa liko kulia: linaelea sentimita 2 na nusu.
Pazia lililokuwa kulia, sasa liko kushoto: linaelea sentimita 1 na nusu.

Sasa hapo nimechanganyikiwa zaidi, maana yote mawili yanaelea.

#20 Jirani Mwema
Usichanganyikiwe, hesabu imekaa vizuri kabisa. Pazia la kwanza kushoto lilikuwa sifuri, kulia limekuwa 2.5. Kwa hiyo upande wa kulia wa nyumba umebeba 2.5. Pazia la pili kushoto ni 1.5, kwa hiyo lenyewe ni fupi kuliko mwenzake kwa 1.5. Jumlisha: 4. Ndiyo ile 4 uliyoiona siku ya kwanza.

Fundi na mume wako wote wana haki yao.

#21 Mtoto wa Ngamiani
Ndoa imeokolewa 🙏

#22 Mwana wa Ilala
Fundi arudishe hela ya sentimita moja na nusu basi.

#23 Fundi Rinda
Naomba tutenganishe. Tuanze na hiyo 1.5, ndiyo ya kwetu sisi washonaji.

Kitambaa cha upana wa 2.8 tunakigeuza. Upana wake unakuwa urefu wa pazia, na ndiyo maana kinanunuliwa mita chache. Mapazia yote mawili yanatoka kwenye kipande kimoja, kwa hiyo kabla ya kukunja pindo yana kimo kile kile. Tofauti inaingia sehemu mbili tu: pindo la chini au kichwa cha juu kwenye ringi. Dada, pima pindo la kila moja, halafu pima kutoka ukingo wa juu wa pazia mpaka juu ya tundu la ringi.

#24 Mama wa Kibada
Pindo yote mawili ni 12, moja naona ni kama 12 kasoro kidogo. Ringi za pazia moja ziko chini kidogo kuliko za lingine, lakini si zote. Za katikati zinafanana, za pembeni ndiyo zinatofautiana.

#25 Fundi Rinda
Basi utepe wa ringi umeshonwa kwa kwenda chini. Tundu likishuka, pazia zima linapanda. Hapo mwenzangu aliteleza.

#26 Bint Mkunazini
Fundi, dada kasema "si zote". Kama za katikati zinafanana, mbona pazia limepanda lote sawasawa? Mie nabaki na kitambaa. Kitambaa kikigeuzwa, nyuzi zinazobeba uzito si zile zilizokusudiwa kubeba. Zile za kulala zinavutika kwa namna yake, na pasi ya mvuke inazirudisha kwa namna yake. Pazia moja likipigwa pasi kali kuliko lingine, tofauti ya sentimita moja inakuja.

#27 Fundi Rinda
Silikatai la pasi. Lakini ringi nimeziona sana.

#28 Mwinyi wa Nyali
Salaam kutoka Mombasa. Nasoma tu hapa, naomba niulize: mlinunua mita au yadi? Hapa Biashara Street maduka mengine wanapima kwa yadi, na yadi ni sentimita 91 na kidogo. Mtu akisema tano, wewe unafikiri mita, yeye anakata yadi. Tano za yadi ni mita nne na sentimita 57. Mama yangu mdogo alitoka Eastleigh na mzigo mzima wa kitambaa, kufika nyumbani vyumba vikapungukiwa. Fundi akalaumiwa bure, kosa lilikuwa dukani.

#29 Jirani Mwema
Hoja nzuri kaka, lakini kwa kesi hii haiingii. Kitambaa kimegeuzwa, yadi ingepunguza mikunjo, si urefu. Mama wa Kibada, mikunjo imetosha?

#30 Mama wa Kibada
Imetosha, inapendeza hata likifungwa.

#31 Mpangaji wa Sinza
Samahani naingilia. Hapo kwenye "mara mbili" ndipo mafundi wanapotulia hela. Mimi niliambiwa mita 11 kwa dirisha kama hilo hilo! Mwenzangu mita 5. Nani anaibiwa?

#32 Fundi Rinda
Inawezekana hakuna anayeibiwa. Chako kilikuwa na upana gani?

#33 Mpangaji wa Sinza
Kile cha 140, cha maua makubwa.

#34 Fundi Rinda
Basi sikiliza hesabu, na wengine muinakili.

Bomba 240, mara mbili 480. Kitambaa cha 140 hakigeuzwi, kinashuka kwa urefu wake. 480 gawa kwa 140 ni tatu na nusu kasoro, huwezi kununua nusu, unachukua vipande vinne. Kila kipande: urefu wa pazia likiisha, tuseme 247, ongeza pindo la chini la 12 lililokunjwa mara mbili, hiyo 24, ongeza 9 za kichwa. Jumla 280. Mara nne ni mita 11 na sentimita 20. Kwa hiyo mita 11 ni halali, tena alikubania kidogo.

Maua makubwa yanaongeza. Ua likijirudia kila sentimita 64, kila kipande lazima kianze kwenye ua lile lile, la sivyo kwenye mshono utaona nusu ya ua limepanda na nusu limeshuka. 280 ndani ya 64 inaingia mara nne na kubaki, unapandisha hadi tano, 320 kwa kipande. Vipande vinne ni mita 12 na sentimita 80. Asiyekwambia hivyo atakuletea mshono unaoonekana toka getini.

Na hiyo mara mbili nayo si sheria ya mbinguni. Ringi inakubali hata mara moja na nusu kama kitambaa ni kizito. Shela, kile kitambaa chepesi kinachopitisha mwanga, naipa mara mbili na nusu hadi tatu, ikipungua inakuwa kama neti ya mbu iliyokazwa.

#35 Mpangaji wa Sinza
Nimekuelewa fundi. Mua wangu ulikatika kwenye mshono kweli, sasa najua kwa nini.

#36 Mtoto wa Ngamiani
Mua au ua? 😂

#37 Mpangaji wa Sinza
Ua. Simu hii.

#38 Kaka wa Hamburg
Kitambaa cha 2.8 kina mtego mmoja ambao sijaona mtu anautaja. Kikigeuzwa, urefu wako una kikomo. Toa pindo na kichwa, unabaki na karibu 247 kwa hesabu ya fundi hapo juu. Mtu mwenye dari ya mita 3 anayetaka pazia litokee juu kabisa kwenye jipsamu, hicho hakimtoshi hata akinunua mita mia.

Huku Ujerumani pazia nyingi zinatembea kwenye reli iliyofungwa darini. Na madirisha yanafunguka kuelekea ndani, kwa hiyo hupimi bomba likae nje kwa uzuri tu, unapima ubao wa dirisha ukifunguka upite bila kung'ang'ania pazia. Chini ya dirisha kuna chombo cha kupashia joto, pazia zito halitakiwi kukifunika, joto lote linabaki nyuma ya kitambaa. Wengi wanaishia kwenye kingo ya dirisha au wanaacha pembeni.

#39 Dada wa Makambako
Joto! Huku kwetu mwezi wa sita na wa saba tunalitafuta kwa tochi. Pazia langu lina bitana, na bitana nayo ina kipimo chake: ikatwe fupi kuliko pazia kama sentimita 2 au 3, isichungulie chini. Na ishonwe ikiwa imelegea kidogo. Ikibana, ikifuliwa ikarudi, inavuta pazia zima juu. Mama wa Kibada, lako lina bitana?

#40 Mama wa Kibada
Halina.

#41 Mzee Pimamaji
Turudi kwenye 2.5 ya nyumba, maana hiyo ndiyo itakayorudi vyumbani.

Sentimita mbili na nusu inaweza kuwa sakafu imeshuka kulia, au bomba limepanda kulia. Ukipima kutoka bomba mpaka chini utapata 245 huku na 247.5 kule, lakini hutajua nani kakosa. Usiweke pimamaji fupi ya kwenye begi juu ya bomba ukaridhika. Chukua mpira mwembamba unaoona ndani, jaza maji, toa mapovu yote. Ncha moja shika kushoto, nyingine kulia. Maji hayana upendeleo. Weka alama ya penseli ukutani kila upande, kisha pima kutoka alama kwenda juu kwenye bomba, na kutoka alama kwenda chini kwenye kigae.

Kwa uzoefu wangu nashuku bomba. Juu ya dirisha pale pana lenta, ile boriti ya zege. Fundi anatoboa, biti inakutana na kokoto ngumu au nondo, inakataa. Anasogeza tundu juu kidogo panapokubali, anaweka fisha, ile plastiki ya kushikia skrubu, anafunga. Upande mmoja umepanda na hakumwambia mtu.

#42 Bint Mkunazini
Kwenu mna lenta. Hapa Mji Mkongwe nyumba ya mawe na chokaa, ukitoboa tundu la fisha linatoka tundu la ngumi, ukuta unamwagika kama unga. Na kuta nene, dirisha limeingia ndani, hakuna pembe iliyo sawa na nyenzake. Juu, katikati na chini unapata vipimo vitatu. Pazia likikaa ndani ya tundu unafuata kile kidogo kabisa, na bado unalipunguza kidogo, la sivyo linakwaruza ukuta.

#43 Mama wa Kibada
Mzee, mpira tumepata kwa jirani anayefuga samaki. Kijana kashika upande mmoja, baba yao mwingine.

Bomba kulia liko juu kwa sentimita 1 hivi. Sakafu kulia iko chini kwa sentimita 1 na nusu hivi. Nasema hivi kwa sababu maji yalikuwa yanatikisika na kila tukirudia inabadilika kidogo.

#44 Mwana wa Ilala
Kumbe aliyefunga bomba, aliyeweka vigae na aliyeshona wote wamechangia. Harambee.

#45 Mzee Pimamaji
Povu la hewa likibaki kwenye mpira linadanganya. Rudieni asubuhi. Mimi sijaridhika kwamba sakafu ina makosa hayo yote.

#46 Jirani Mwema
Swali la maana: bomba lifuate nini? Maji, sakafu, au dari?

#47 Mzee Pimamaji
Maji. Daima maji.

#48 Fundi Rinda
Kwa heshima mzee, hapo tunatofautiana. Jicho la mgeni halibebi mpira wa maji. Linaona bomba na ule mstari wa jipsamu juu yake. Jipsamu ikiwa imelala kidogo na bomba liko sawa na maji, watu wataona bomba ndilo limepinda. Mimi nafuata mstari ulio karibu zaidi, dari au juu ya dirisha, halafu narekebisha chini kwenye pindo. Ndiyo maana napima sehemu tatu.

#49 Kaka wa Hamburg
Kwa reli ya darini huna uchaguzi, unafuata dari.

#50 Mwinyi wa Nyali
Naunga mkono mzee. Ukishona kila pazia kwa kimo chake, siku ukifua mtu akitundika kinyume umerudi ulipotoka.

#51 Fundi Rinda
Unaweka alama ndani ya pindo, uzi mwekundu kwa kulia.

#52 Mama wa Kibada
Asanteni sana. Nifanye nini sasa na haya yaliyopo, kabla sijamwita fundi tena? Sitaki ugomvi naye, ni mtu mwema na amenishonea vitu vingi.

#53 Fundi Rinda
Kitambaa unacho. Pindo la chini limekunjwa mara mbili, ndani yake kuna 12 nyingine. La kulia lifunguliwe, lishushwe sentimita zinazotakiwa, lisipigwe pasi mpaka liwe limening'inia usiku kucha. Alipime likiwa limetundikwa mahali pake, abane pini pale pale, ashone baadaye. Bila kukata. Nitashukuru kama atalipima kwa chuma.

#54 Mzee Pimamaji
Kwanza ashushe mkono wa bomba wa kulia hiyo sentimita 1. Ukianza na pindo, halafu bomba likashushwa baadaye, pazia litaburuza.

#55 Bint Mkunazini
Na kwanza kuliko vyote, apige maji tone tone kwenye lile fupi, aliache likauke likining'inia, kiyoyozi kimezimwa. Likishuka lenyewe mtakuja kuniomba radhi.

#56 Mwana wa Ilala
Wote wanasema kwanza. Dada, anza na chai.

#57 Mpangaji wa Sinza
Niwaulize wenye shela: usiku taa zikiwashwa watu wa nje wanaona ndani? Mama mwenye nyumba anapita pale dirishani kila saa tatu.

#58 Dada wa Makambako
Wanaona kila kitu. Shela ni ya mchana. Mchana nje kuna mwanga mwingi, ndani giza, haipenyi. Usiku inageuka. Funga pazia zito, na hakikisha yanakutana katikati bila kuacha mwanya, na hapo ndipo upana wa kitambaa una maana. Ringi nazo ziwe shufwa kila pazia, ukingo wa pembeni uangalie ukutani. Zikiwa witiri, ukingo mmoja unachungulia nje kama umeshonwa kinyume.

#59 Fundi Rinda
Sahihi kabisa. Pazia la mita 2.4 naweka ringi 16.

#60 Mama wa Kibada
Kijana kapiga maji lile fupi kama Bint Mkunazini alivyosema. Asubuhi limeshuka, ila ni karibu nusu sentimita tu. Fundi nimempigia, anakuja Jumamosi na tepu ya chuma, na amesema ringi zake haziwezi kuwa na tatizo, tuangalie kitambaa.

#61 Bint Mkunazini
Nusu ni nusu.

#62 Fundi Rinda
Nusu ya maji, moja ya ringi. Akija mwambie atoe pazia alilaze mezani, alikunje katikati kichwa kwa kichwa. Ringi zikitofautiana zitajisema zenyewe.

#63 Mtoto wa Ngamiani
Jumamosi tupo hapa wote.

#64 Mkazi wa Goba
Nimefika nimechelewa. Mimi nina mlango wa kioo wa kusukuma wa mita 3 unaotoka barazani, na bomba la mita 3 na nusu limeshaanza kupinda katikati. Napimaje urefu kama katikati kumeshuka?

#65 Mzee Pimamaji
Usipime bado. Bomba likipita mita 2 linataka mkono wa tatu katikati. Weka huo kwanza. Halafu uniambie baraza yako inateremka upande gani.